Wafanya Magendo na Watu wa Forodha Katika Sinema Bubu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mnazungumzia sinema za miaka ipi?

Kuanzia tarehe 28 Desemba 1895, siku ndugu Lumière walipoonyesha picha zinazotembea kwa watu waliolipa kiingilio pale Grand Café, Paris, hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 sauti ilipoingia. Uzito wa majibu haya, hata hivyo, uko kwenye miaka 20 ya mwanzo. Katika miaka hiyo magendo yalikuwa hadithi inayopendwa kwenye skrini, na wakati huohuo yalikuwa shida ya kweli ya wenye biashara ya filamu. Watu wengi huuliza habari za upande wa kwanza tu. Mimi naona upande wa pili ndio mtamu zaidi, kwa sababu ofisa wa forodha aliijua sinema kama bidhaa ya kukaguliwa kabla sinema haijamfanya mhusika wake. Huo nimeupa nafasi kubwa huko chini.

Kwa nini watengenezaji walipenda visa vya magendo?

Filamu ya mwaka 1903 ilikuwa ya dakika chache tu. Hapakuwa na muda wa kueleza nani kamdhulumu nani, wala sauti ya kuelezea. Sasa fikiria mtu aliyejitwika mzigo, anageuka kutazama nyuma, anajibanza kwenye mwamba. Anatokea mwingine mwenye sare na bunduki. Kisa chote kimeshaeleweka, na kilichobaki ni mbio.

Mbio ndizo zilizokuwa zikiuza. Mwaka huo wa 1903 zilitoka Uingereza filamu mbili zilizowafundisha wengi kazi hiyo: *A Daring Daylight Burglary* ya Frank Mottershaw wa Sheffield, ambamo polisi wanamkimbiza mwizi, na *Desperate Poaching Affray* ya William Haggar, aliyefanya kazi Wales, ambamo walinzi wa mashamba wanapambana na wawindaji haramu. Ukiitazama hii ya Haggar utaona watu wanakuja moja kwa moja kwenye kamera, wanapita ubavuni mwake, mpaka unahisi watakuangukia. Kutoka hapo hadi kwenye magendo ni hatua fupi. Badilisha sare ya mlinzi iwe ya forodha, mpe anayekimbia pipa la pombe au furushi la tumbaku badala ya nyavu, na una filamu nyingine.

Gharama nayo ilikuwa ndogo. Ufuo, njia ya mlimani na pango havilipiwi kodi ya studio.

Nimesikia habari za mbwa wa magendo. Ni uzushi wa sinema?

Hapana, mbwa hao walikuwepo kweli, hasa kwenye mpaka wa Ufaransa na Ubelgiji katika karne ya 19. Walibebeshwa tumbaku, kahawa na lesi. Mafunzo yao yalikuwa ya kikatili. Mbwa alilelewa upande mmoja wa mpaka, akalishwa vizuri na kupendwa. Kisha alivushwa, akafungwa na kushindishwa njaa, na akachapwa na mtu aliyevaa sare ya forodha makusudi. Usiku ulipofika alifungwa mzigo mgongoni na kuachiliwa. Njaa na mapenzi ya nyumbani vilimrudisha kwao kwa njia za panya, na kila alipoona ile sare alikata kona. Forodha nao wakafuga mbwa wao wa kuwakamata hao.

Kwa hiyo kampuni ya Pathé ilipotoa *Les Chiens contrebandiers* mwaka 1906, watazamaji wa Ufaransa hawakuhitaji kuelezwa kitu. Na mbwa walikuwa wameshathibitika kuwa biashara nzuri. Mwaka mmoja kabla, Mwingereza Cecil Hepworth alitoa *Rescued by Rover*, mbwa wa familia akiwa nyota wa filamu, na nakala zilitakiwa kwa wingi kiasi kwamba negativu, yaani filamu ya asili inayotumika kuchapia nakala, ilichakaa na ikabidi filamu nzima ipigwe upya mara mbili.

Magendo hufanyika usiku. Walipigaje picha gizani?

Hawakupiga gizani. Filamu ya wakati ule ilihitaji mwanga mwingi, na hakuna taa ambayo ingemulika ufuo mzima. Matukio ya usiku yalipigwa mchana, jua likiwaka, halafu nakala ikatumbukizwa kwenye rangi ya bluu. Mtazamaji alizoea: bluu ni usiku, rangi ya kaharabu ni ndani ya nyumba kwenye mwanga wa taa, nyekundu ni moto.

Jambo hili lina maana kubwa kwako unayetazama leo. Nakala nyingi zilizopo mtandaoni zilitolewa kwenye negativu ya nyeusi na nyeupe, na ile bluu haimo. Matokeo yake unaona wafanya magendo wanateremsha mapipa ufukweni saa sita mchana huku mlinzi amesimama hatua kumi kutoka kwao, na unajiuliza kama mlinzi huyo ni kipofu. Si kipofu. Katika nakala ya mwanzo ilikuwa usiku wa manane. Ukitaka kuhakikisha angalia chini, utaona vivuli vikali vya jua kwenye mchanga.

Angalia na anga pia. Filamu hizo ziliitikia sana mwanga wa bluu na karibu hazikuitikia wekundu kabisa, ndiyo maana anga hutoka jeupe tupu na kitambaa chekundu hutoka cheusi.

Bila sauti, mtazamaji alijuaje nani ni nani?

Kwa sare, kofia na namna ya kutembea. Katika kumbi nyingi alikuwepo pia msimulizi aliyesimama kando ya skrini na kueleza mambo kwa lugha ya wenyeji, na huko Japani kazi hiyo ilikuzwa hadi wasimulizi, waliojulikana kama *benshi*, wakawa maarufu kuliko waigizaji. Anayekumbuka vibanda vya video vya Dar es Salaam au Kampala, ambako mtu hushika kipaza sauti na kuifasiri filamu papo kwa papo, ameshaielewa kazi hiyo bila maelezo zaidi. Maandishi ya katikati ya picha yalianza kuzoeleka kuanzia mwaka 1903 hivi.

Je, filamu za watengeneza pombe haramu nazo ni filamu za magendo?

Ukibana sheria, hapana. Ofisa wa forodha hushughulika na bidhaa inayovuka mpaka. Yule anayepanda milimani kuvunja mitambo ya gongo anadai ushuru wa bidhaa iliyotengenezwa ndani ya nchi. Lakini kwenye sinema ya Marekani hawa wawili walichezwa kama mtu mmoja, mwakilishi wa serikali anayekuja kudai haki ya hazina mahali ambapo watu wanaona ni unyang'anyi.

Ya kutazama hapa ni *The Moonshiner* ya kampuni ya Biograph, 1904. Kamera inakaa kwa subira kwenye shughuli yenyewe, jinsi pombe inavyopikwa na kuuzwa kwa kificho, kabla maofisa hawajavamia. Mpaka wanafika, wewe mtazamaji umeshakaa na wenyeji na kuijua kazi yao, na huruma yako imeshaamua upande.

Kwa nini *Carmen* imerudiwa mara nyingi hivyo?

Kwa sababu ndicho kisa cha magendo kilichokuwa kikijulikana kuliko vyote kabla sinema haijazaliwa. Prosper Mérimée alikiandika mwaka 1845, Georges Bizet akakifanya opera mwaka 1875. Kina mwanamke, askari, kundi la magendo, wivu na kisu. Mtengenezaji angetaka nini zaidi?

Mwaka 1915 peke yake Marekani ilipata *Carmen* mbili kwa mpigo. Cecil B. DeMille alimchukua Geraldine Farrar, mwimbaji mkubwa wa Metropolitan Opera ya New York, akamweka kwenye filamu ambayo sauti yake haisikiki. Raoul Walsh, kwa kampuni ya Fox, akamtumia Theda Bara. Ya Walsh imepotea. Ya DeMille ipo, na ninaipendekeza kwa moyo wote kwa mtu anayetaka kuona magendo yakichukuliwa kama kazi yenye mpango.

Wenye haki za maneno ya opera walitaka fedha nyingi, hivyo William deMille, kaka yake Cecil, aliandika mchezo wake kutoka kwenye kitabu cha Mérimée. Hilo likageuka kuwa baraka. Kwenye jukwaa la opera magendo huwa nyuma, kama mandhari tu. Hapa ndiyo injini. Kundi linataka kupitisha bidhaa kwenye ufa wa ukuta wa mji wa Seville, na ufa huo unalindwa na Don José, anayechezwa na Wallace Reid. Wanamjaribu kwa rushwa, anakataa. Ndipo Carmen anapojitolea kumlainisha. Kila tabasamu lake linafungua njia ya mizigo, na Farrar anacheza hivyo hasa: jicho moja kwa askari, jingine ukutani. Sijaona *Carmen* nyingine ya miaka ile inayokufanya ukumbuke kwamba mapenzi haya yalianza kama malipo ya kupitisha bidhaa.

Charlie Chaplin alizikejeli zote mbili papo hapo, yeye mwenyewe akiwa askari aliyeitwa Darn Hosiery, jina la kumtania Don José. Alipohamia kampuni nyingine, Essanay waliokuwa na filamu hiyo wakairefusha kwa vipande vilivyopigwa baadaye, wakamwingiza Ben Turpin, na kuitoa mwaka 1916. Chaplin alikwenda mahakamani akashindwa.

Baadaye zikaja ya Ernst Lubitsch na Pola Negri huko Ujerumani mwaka 1918, ambayo Wamarekani waliiona mwaka 1921 kwa jina *Gypsy Blood*, na ya Jacques Feyder mwaka 1926, iliyopigwa Hispania kwenyewe, Raquel Meller akiwa Carmen. Ukiitazama hiyo ya Feyder chunguza kundi la wafanya magendo. Miongoni mwao yumo kijana Luis Buñuel, kabla hajapiga filamu yake hata moja.

Ofisa wa forodha alionyeshwa kama mtu mwema au mbaya?

Inategemea mtazamaji aliishije naye. Mjini Paris wakati huo divai na nyama zilitozwa ushuru kwenye malango ya jiji, tena na watumishi waliopekua vikapu na mikokoteni kila siku. (Mchoraji Henri Rousseau alifanya kazi hiyo hadi mwaka 1893, na jina la utani la mtu wa forodha likamganda hadi leo.) Mama aliyepekuliwa kikapu asubuhi hakwenda sinema jioni kumshangilia mpekuzi.

New York hali ilikuwa nyingine. William Loeb Jr., aliyekuwa msimamizi wa forodha wa bandari hiyo kuanzia 1909 hadi 1913, alijulikana kwa kuwabana matajiri waliorudi kutoka Ulaya na vito na magauni ambayo hawakuyatangaza. Hapo mtu wa kawaida angeweza kuwa upande wa serikali. Ndiyo hali ambamo mchezo wa jukwaani *Under Cover* wa Roi Cooper Megrue ulipata umaarufu mwaka 1914 na kufanywa filamu mwaka 1916, na Hazel Dawn akiwamo. Kijana mtanashati anashukiwa kuingiza mkufu wa thamani kubwa. Ofisa wa forodha anayemwandama anamtisha msichana ili ampeleleze kijana. Mwisho inabainika kwamba kijana ndiye mpelelezi wa serikali, na mla rushwa ni yule ofisa. Mkufu ulikuwa chambo. Napenda jinsi kisa hiki kinavyokataa kuipa sare uaminifu wa bure.

Je, watu wa sinema wenyewe waliwahi kuingia matatani na forodha?

Mapema sana. Ndugu Lumière walianza maonyesho yao New York mwezi Juni 1896 na kupokewa kwa shangwe. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Serikali ya Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za nje kwa sheria ya Dingley ya Julai 1897, na maofisa wa forodha wakadai kwamba mitambo ya Lumière iliingizwa nchini bila kufuata utaratibu. Félix Mesguich, mpiga picha wa kampuni hiyo, aliandika baadaye jinsi meneja wao, Lafont, alivyotoroka kwa mashua ndogo hadi kwenye meli ya Kifaransa iliyokuwa ikimsubiri majini. Kampuni iliyowaletea Wamarekani sinema bora ya wakati ule iliondoka kwa njia ambayo mfanya magendo yeyote angeitambua.

Ni vigumu kuamini kwamba washindani wa nchini walisikitika. Sheria ya forodha ililinda hazina, na papo hapo ikawalinda na wao.

Kisa cha filamu iliyovushwa mpaka kwa mwanga ni cha kweli?

Ni cha kweli, na kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, liwe hili.

Jack Johnson alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu, tangu Desemba 1908. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, alimpiga James J. Jeffries, Mzungu aliyerudishwa ulingoni ili amnyang'anye taji hilo. Fujo za kibaguzi zikazuka miji mingi, watu Weusi wakauawa, na filamu ya pambano ikapigwa marufuku sehemu nyingi. Tarehe 31 Julai 1912 ikapitishwa sheria ya nchi nzima, iliyosukumwa na mbunge Thetus Sims wa Tennessee, iliyokataza kuingiza kutoka nje au kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo filamu ya ngumi. Kwa maneno ilihusu ngumi zote. Kila mtu alijua ni nani hatakiwi kuonekana akishinda.

Tarehe 5 Aprili 1915, mjini Havana, Johnson akapigwa na Jess Willard katika raundi ya 26. Sasa wenye filamu walikuwa na picha ambayo Wazungu wengi wangeipigania tiketi, lakini iko Kuba, na sheria ileile iliyotungwa kumficha Johnson ikawazuia. L. Lawrence Weber alijaribu kuiingiza kupitia bandari ya Newark, New Jersey. Naibu msimamizi wa forodha, Freed, akaikataa. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na Desemba 1915 mahakama ikasema Freed yuko sahihi.

Ndipo likaja wazo ambalo hadi leo linanistaajabisha. Mwaka 1916, pale Rouses Point, New York, kwenye mstari hasa wa mpaka na Kanada, likapigwa hema. Nusu ya mtambo ilikuwa upande wa Kanada na nusu upande wa Marekani. Nakala ya pambano ilizungushwa upande wa Kanada mbele ya taa ya umeme. Inchi chache mbele yake, upande wa Marekani, ilizungushwa filamu mpya isiyo na picha. Mwanga ukapita kwenye nakala, ukavuka mpaka, ukaandika picha kwenye ile filamu mpya. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna kitu kilichoingizwa nchini. Filamu ya Kanada ilibaki Kanada, ya Marekani haikutoka Marekani, na kilichovuka ni mwanga tu, ambao hautozwi ushuru.

Forodha wakaizuia filamu hiyo mpya, na kampuni, iliyojiita Pantomimic Corporation, ikamshtaki Dudley Field Malone, msimamizi wa forodha wa bandari ya New York. Ikashindwa. Sheria haikusema filamu tu, ilitaja pia picha za aina nyingine za pambano, na kuzileta kwa njia yoyote ni kuzileta.

Naona hapa ndipo forodha ilipolazimika kujibu swali ambalo hakuna pipa la pombe lililowahi kuiuliza, kwamba picha ni kitu gani hasa, ile plastiki au kile kinachoonekana. Sheria yenyewe ilidumu hadi 1940. Malone baadaye akawa mmoja wa mawakili wa utetezi katika kesi maarufu ya Scopes, mwalimu aliyeshtakiwa kwa kufundisha nadharia ya mageuzi ya viumbe, mwaka 1925, na mwaka 1943 akaonekana kwenye filamu ya Hollywood akicheza kama Winston Churchill.

Na nakala za wizi?

Zilikuwa nyingi. Siegmund Lubin wa Philadelphia alinakili filamu za Georges Méliès na kuziuza kama zake, na ni sababu mojawapo ya Méliès kumtuma kaka yake Gaston afungue ofisi New York mwaka 1903. Lakini huo ni wizi wa kazi ya mtu, si magendo, na unastahili ukurasa wake.

Kwa nini nyingi ya filamu hizi hazipatikani?

Ziliandikwa kwenye nitreti, aina ya plastiki ambayo huwaka kwa kasi ya kutisha na huoza yenyewe ikiachwa. Nyingine ziliyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika filamu ndefu zisizo na sauti karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929, asilimia 14 tu ndizo zilizobaki katika umbo lake la mwanzo.

Zile fupi za mwanzo zilipata bahati ya ajabu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ilikuwa haijatambua filamu hadi mwaka 1912, hivyo kampuni zilizichapa picha zote kwenye mikunjo mirefu ya karatasi na kuzisajili kama picha za kawaida. Karatasi haikulipuka. Zaidi ya filamu 3,000 zimerudishiwa uhai kutoka kwenye mikunjo hiyo, *The Moonshiner* ikiwamo.

Nianze na ipi?

Anza na *Desperate Poaching Affray*. Ni dakika tatu hivi, na utaonja mbio. Halafu *The Moonshiner*. Kisha tenga jioni moja kwa *Carmen* ya DeMille, na ukimaliza tazama ya Chaplin ukiwa bado unaikumbuka. Ukibaki na hamu, tafuta *The Pilgrim* ya Chaplin, 1923, kwa ajili ya dakika zake za mwisho, ambapo mkimbizi wa sheria anafikishwa kwenye mpaka wa Marekani na Meksiko.

Kabla ya kutazama yoyote, chunguza kasi. Filamu nyingi za miaka hiyo zilipigwa kwa picha 16 hadi 18 kwa sekunde. Zikichezwa kwa 24, maofisa wa forodha wanaruka kama vikaragosi na mapambano yanakuwa mchezo wa watoto. Vichezaji vingi vya video vina sehemu ya kupunguza mwendo. Weka asilimia 75, na kama watu wanatembea kama binadamu, iache hapo.